Chidigo cha Mtongwe: Shule Peke Yake Haitoshi

Ziko nyumba si haba huko Mtongwe, ng'ambo ya bandari ya Kilindini, ambamo bibi huuliza kwa Chidigo, mama hujibu kwa Kiswahili, na mjukuu humalizia kwa maneno ya mtaani yaliyochanganyika na Kiingereza cha shule. Hapana ugomvi wala kutofahamiana. Lakini mwenye kutega sikio atagundua kwamba katika mazungumzo hayo ya barazani pana msiba unaokuja polepole. Lugha moja yaondoka nyumbani bila ya kuagwa. Bibi atakapotangulia mbele ya haki, swali la Chidigo halitaulizwa tena katika nyumba ile, na mama, ijapokuwa akifahamu, hatakuwa na mtu wa kukisema naye.

Huenda wasomaji wetu wengine wakajiuliza kwa nini ukurasa wa utamaduni wa gazeti la Kiswahili uitwae mbiu kwa ajili ya lugha isiyokuwa Kiswahili. Jawabu ni kwamba jambo hili latuhusu sisi sote wa pwani, Mdigo na asiyekuwa Mdigo. Jirani akifiwa hatuulizi kabila lake kabla ya kwenda mazikoni. Na aliye jirani wa karibu zaidi wa Kiswahili, tangu hapo zamani za kale, ni Chidigo na ndugu zake.

Twataka kusema jambo moja, na ni bora tuliseme tangu mwanzo. Lugha haifufuliwi na shule peke yake. Shule husaidia, serikali husaidia, na vitabu husaidia. Lakini ikiwa nyumba na mtaa havijaamua, misaada yote hiyo ni sawa na maji kutiwa pakachani.

NDUGU WA TUMBO MOJA

Chidigo ni moja katika lugha za Wamijikenda, wale watu wa makaya tisa. Wasemaji wake wameanzia Likoni na Mtongwe, wakashika Waa, Tiwi, Diani, Ukunda na Msambweni, hata wakavuka mpaka na kuingia upande wa Tanga. Wengi wao ni Waislamu. Wataalamu wa lugha huziweka lugha za Mijikenda, Kiswahili, Kipokomo, Kimalakote na lugha za visiwa vya Ngazija katika ukoo mmoja wanaouita Sabaki, kwa jina la mto ule unaoingia baharini karibu na Malindi.

Basi si ajabu kwamba Mswahili husema maji na Mdigo akasema madzi; huyu mji, yule mudzi; huyu jana, yule dzana; huyu jua, yule dzuwa. Na pale Kiswahili kilipoiangusha sauti ya katikati kikasema mtu, Chidigo bado chasema mutu. Hayo si makosa ya watu wasiojua kusema, kama wanavyodhani watoto wa mjini. Ni mambo ya asili yaliyohifadhiwa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kujua maneno yetu yalikotoka hana budi kubisha hodi kwa Mdigo.

Kuna na maneno yaliyoachana njia. Mdigo akisema kugomba, maana yake ni kusema tu, mazungumzo ya kawaida. Mswahili alisikiapo neno hilo hudhani pana mtu anayekaripiwa. Neno ni moja, lakini limekaa nyumba mbili na kila nyumba imelifunza tabia yake.

Na Mtongwe yenyewe ni mahali pa kukutana. Historia ya Mvita yatueleza habari za Thalatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, ambao walikuwa na masikilizano ya tangu jadi na Wamijikenda, na Wakilindini hasa walikuwa na uhusiano wa karibu na Wadigo. Biashara, ndoa, vita na suluhu viliwapitia pamoja. Kwa hivyo anayesema kwamba Chidigo ni mgeni katika mji wa Mombasa hajui historia ya mji wake.

KWA NINI CHAFIFIA

Hatutaki kumlaumu mtu, lakini ni lazima sababu zitajwe. Mgonjwa hatibiwi kwa kufichwa maradhi yake.

Sababu ya kwanza ni maisha yenyewe. Mtongwe si kijiji tena. Pana kambi ya jeshi la wanamaji, pana nyumba za kupangisha, na wakazi wake wengi hutafuta riziki yao bandarini na kisiwani, miongoni mwa watu wa kila kabila. Ndoa nazo zimechanganya damu. Mahali kama hapo lazima pawe na lugha ya kuwaunganisha watu, na lugha hiyo ni Kiswahili. Hilo ni jambo jema na hatuliombei dua mbaya.

Sababu ya pili ni haya. Kwa miaka mingi mtoto aliyesema Chidigo mbele ya wenzake wa mjini alichekwa na kuitwa mshamba. Mtoto huyo alipokuwa mzazi alifanya alilodhani ni huruma: akamfungia mwanawe mlango wa Chidigo ili naye asije akachekwa. Mwenye kucheka alikwisha sahau siku ile ile, lakini aliyechekwa alibeba jambo lile mpaka ukubwani, akalirithisha watoto wake.

Sababu ya tatu ni utaratibu wa shule. Ripoti ya tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba katika madarasa ya chini mtoto afundishwe kwa lugha inayotumiwa katika eneo la shule yake, na mtaala wa umilisi uliokuja mwaka 2017 ukatoa nafasi kwa lugha za kienyeji katika gredi za mwanzo. Shauri hilo ni zuri. Lakini mijini, ambako makabila yamechanganyika, lugha ya eneo huhesabiwa kuwa ni Kiswahili. Mtongwe imo katika Kaunti ya Mombasa. Basi mtoto wa Mtongwe ambaye bibi yake hasemi ila Chidigo huingia katika hesabu ya watoto wa mjini, na lugha ya bibi yake haina pa kuketi darasani.

Sababu ya nne yatugusa sisi Waislamu hasa. Wadigo wengi walisilimu katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20. Mafunzo ya dini waliyapata zaidi kwa ulimi wa Kiswahili. Mawaidha yakawa ya Kiswahili, tafsiri ya hutuba ikawa ya Kiswahili. Kiswahili kikapata heshima ya msikitini, na Chidigo kikabakishwa shambani, pwani kwa wavuvi, na jikoni. Hakuna sheikh aliyetoa amri iwe hivyo. Ilitokea tu. Lakini mtoto huona, na mtoto hupima: lugha isiyosemwa mahali pa heshima huichukua kuwa haina heshima.

Nayo dini yetu haikufundisha hivyo. Aya ya 22 ya Suratul Rum yaihesabu tafauti ya lugha za wanadamu kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Na aya ya 4 ya Surat Ibrahim yatueleza kwamba kila Mtume alipelekwa na ulimi wa watu wake, ili apate kuwabainishia. Mwenye kuidharau lugha ya jirani yake basi na ajiulize anadharau ishara ya nani.

WALIOTUTANGULIA KATIKA SAFARI HII

Msiba huu umewapata watu wengi duniani, na wako waliopigana nao kwa zaidi ya miaka 100. Yafaa tuwatazame, tujue walipofaulu na walipokwama. Hao ni watu wa Ayalandi, kile kisiwa kilicho jirani ya Uingereza na kilichotawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi.

Mwaka 1831 serikali ya Kiingereza ilianzisha shule za watoto wote wa Ayalandi, na lugha ya mafunzo ikawa Kiingereza. Shuleni mtoto aliweza kuvishwa kijiti shingoni, na kila aliponaswa akisema lugha ya kwao kijiti hukatwa alama. Mwisho wa siku huchapwa kwa hesabu ya alama hizo. Wasomaji waliosoma katika shule zetu za Kenya hawahitaji kuelezwa zaidi, kwani kibao cha kumuaibisha mwanafunzi aliyesema lugha ya mama wanakijua, na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986. Kisha, kuanzia mwaka 1845, viazi vilivyokuwa chakula cha maskini wa Ayalandi viliozea ardhini. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wengi wakapanda majahazi kwenda Marekani. Walioumia zaidi ni watu wa mashambani, na hao ndio waliokuwa wakiisema lugha ya kwao.

Mwaka 1893 kikaundwa chama cha kuihuisha lugha hiyo. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Douglas Hyde, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo mwaka 1938. Chama hicho kilipeleka walimu wa kuzungukazunguka vijijini, wakifundisha jioni watu waliotoka kazini. Nchi ilipopata serikali yake mwaka 1922, lugha ikatiwa katika shule zote kwa lazima, na katiba ya mwaka 1937 ikaifanya kuwa lugha rasmi ya kwanza.

Je, matokeo yamekuwaje? Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, watu 1,873,997 walisema wanaijua lugha hiyo. Hesabu hiyo yafurahisha. Lakini walipoulizwa ni wangapi wanaoisema kila siku nje ya shule, walipatikana 71,968 tu. Hiyo ni kazi ya karne nzima ya vitabu, walimu, mitihani na fedha za serikali. Shule iliwafundisha watu lugha. Haikuweza kuwalazimisha kuisema waingiapo nyumbani na kufunga mlango.

Sasa tutazame upande wa pili wa kisiwa hicho hicho. Katika mji wa Belfast, ambao umebaki chini ya Uingereza, lugha hiyo haikupata msaada wa serikali. Mwaka 1969 jamaa wachache wa huko walinunua kiwanja katika barabara ya Shaw's Road, wakajijengea nyumba kwa jasho lao, wakapatana kwamba humo watoto watalelewa kwa lugha yao. Wazazi wenyewe walikuwa wamejifunza ukubwani. Mwaka 1971 wakafungua shule yao, ikiwa na watoto 9. Walijitafutia fedha wenyewe mwaka baada ya mwaka, na serikali haikuitambua shule hiyo na kuisaidia mpaka mwaka 1984. Kutokana na watoto hao 9 kukatoka shule nyingine nyingi katika upande huo wa kaskazini, na mwaka 2022 sheria ikapitishwa ya kuipa lugha hiyo utambuzi rasmi.

Basi tafauti ni hii. Kusini serikali ilitangulia, na nyumba nyingi hazikufuata. Belfast nyumba zilitangulia, na serikali haikuwa na la kufanya ila kufuata.

SISI TUNACHO CHUO

Mtu atasema kwamba Belfast ni Ulaya, na wenzetu wana uwezo. Twajibu kwamba mwendo huo pwani yetu iliujua kabla ya Belfast. Sisi tunacho chuo.

Tazameni chuo cha Kurani cha mtaani, kile ambacho siku hizi twakiita madrasa. Mtoto wa Mtongwe si Mwarabu, na mama yake hasemi Kiarabu, lakini akifika umri wa miaka saba au minane huzijua herufi na kusoma msahafu. Nani aliyefanya kazi hiyo? Si wizara wala kodi ya serikali. Ni mkeka, ubao, mwalimu mwenye subira, ada ndogo ya kila wiki, na mzazi asiyekubali mwanawe akose kwenda. Mtoto huanza angali mdogo. Huenda kila siku, si mara moja kwa wiki. Mwalimu wake huheshimiwa hata na baba yake. Akihitimu, mtaa mzima hushiriki furaha yake. Kwa njia hiyo vizazi na vizazi vimeshikilia elimu ambayo hakuna serikali iliyowalipia.

Lakini tuwe wakweli. Chuo kimehifadhi kusoma Kiarabu, hakikuhifadhi kukisema. Wengi wetu twausoma msahafu wote na hatuwezi kuomba maji kwa Kiarabu. Kwa nini? Kwa sababu nyumbani hakuna anayekisema. Yale tunayoyasema nyumbani kila siku, salamu, bismillahi ya kuanza kula, alhamdulillahi ya kumaliza, hayo hayatutoki hata usingizini. Basi chuo chenyewe chatufundisha mambo mawili. La kwanza, mtaa waweza kufundisha bila ya kungoja serikali. La pili, darasa lisiloungwa mkono na nyumba huishia kwenye herufi.

HOJA ZA WENYE SHAKA

Wako watu wa nia njema wenye shaka na jambo hili, na si vizuri kuwapita bila ya kuwajibu.

Wengine husema kwamba kufufua lugha ya kabila ni kufufua ukabila. Hoja hii ina uzito Likoni kuliko mahali pengine. Mwezi wa Agosti mwaka 1997 damu ilimwagika huko, watu waliuawa na maelfu wakafukuzwa majumbani mwao kwa sababu ya kabila na mahali walikotoka. Anayeogopa ana haki ya kuogopa. Lakini waliofanya mambo yale hawakusukumwa na sarufi wala misemo ya wazee. Lugha hugeuka kuwa silaha pale inapofanywa ua wa kuwafungia wengine nje. Huko Belfast nako lugha iliwahi kuchukuliwa kuwa bendera ya upande mmoja wa ugomvi, Wakatoliki wakiidai na Waprotestanti wakiikataa. Tangu mwaka 2011, katika upande wa mashariki wa mji huo ambako Waprotestanti ndio wengi, yamekuwapo madarasa ya mradi uitwao Turas yanayowafundisha watu wa upande huo lugha hiyo hiyo. Dawa ya hofu ni kufungua mlango. Mtoto wa Mkamba au wa Mjaluo aliyezaliwa Mtongwe akipenda kujifunza Chidigo, na apewe nafasi mbele kabisa ya mkeka.

Wengine husema kwamba Kiswahili chenyewe chavamiwa na Sheng na Kiingereza, basi tusigawe nguvu zetu. Kwa hili twasema kwamba Kiswahili, kwa rehema za Mola, hakimo katika hatari ya kufa. Ni lugha ya taifa na lugha rasmi, na tangu mwaka 2022 dunia huadhimisha siku yake kila tarehe 7 Julai. Aliyeshiba haoni tabu kumwachia nduguye tonge. Tena wenzetu wa Mvita wanapaswa kuwa wa kwanza kufahamu uchungu huu. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikawekwa kando, ijapokuwa kilikuwa na tungo za kina Muyaka. Tangu hapo mtoto wa Mombasa akiandika mato au ndia huwekewa alama nyekundu. Aliyewahi kuambiwa kwamba lugha ya mama yake ni kosa hawezi kumwambia mwenziwe vivyo hivyo.

Wa tatu husema kwamba Chidigo hakina vitabu. Hili halikuwa kweli hata kidogo kwa miaka hii ya karibuni. Mwaka 2004 ilichapishwa kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili iitwayo Mgombato. Namna ya kuyaandika maneno imekwisha pangwa: dz ya madzi, na ile sauti ya midomo inayoandikwa ph, ambayo Mswahili huipata kwa shida. Lakini hapa pana jambo la kutufikirisha. Kamusi hiyo ilitolewa na shirika la Kikristo linaloshughulika na kutafsiri Biblia, na mwaka 2007 Agano Jipya likatoka kwa Chidigo. Hatuwalaumu. Waliitumikia imani yao na, katika kufanya hivyo, wakaitumikia na lugha. Swali ni letu sisi. Lugha hii ya watu ambao wengi wao ni Waislamu, wasomi wetu wa Kiislamu wameiandikia nini? Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwaandikia watu kwa Kiswahili ili mtu wa kawaida afahamu dini yake. Marehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy alimaliza kazi yake ya tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, ikatolewa kamili mwaka 1969. Wao hawakuona kwamba lugha ya watu ni ndogo mno kubeba elimu. Tukiwafuata kwa heshima, tuwafuate na katika hili.

YANAYOWEZEKANA

Twapendekeza mambo machache, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka nje.

Kwanza ni nyumbani. Mwenye kukijua Chidigo aseme na mtoto mchanga kwa Chidigo, wala asiogope kwamba mtoto atachanganyikiwa. Mtoto wa pwani ana nafasi ya lugha tatu kichwani, na Kiswahili atakipata hata asipofundishwa, kwani kimejaa mtaani. Wamaori wa New Zealand walianza kazi hii mwaka 1982 kwa vituo walivyoviita viota vya lugha, ambako watu wazima wenye lugha yao, na hasa mabibi, huwalea watoto ambao hawajafika umri wa shule. Mtongwe haikosi mabibi. Mabibi hao tayari wanalea wajukuu wakati mama wako kazini. Kinachotakiwa ni waambiwe kwamba lugha yao yatakiwa, waache kumsemesha mtoto Kiswahili cha kujilazimisha.

Pili ni chuoni. Maustadh wanaojua Chidigo wapo. Nguzo za Uislamu, adabu za kula na za kumwamkia mkubwa, maana ya sura fupi, hayo yote yaweza kuelezwa watoto wadogo kwa Chidigo na Kiswahili pamoja. Na siku moja moja, mawaidha ya baada ya sala yasemwe kwa Chidigo. Siku mtoto atakapoisikia lugha ya bibi yake kutoka penye mimbari, kicheko cha "mshamba" kitakuwa kimekatika mzizi.

Tatu ni kukusanya. Vijana wetu wana simu zenye kurekodi sauti. Wazirekodi sauti za wazee: majina ya samaki na ya pepo, ya mitego na ya miti ya dawa, hadithi za jioni, vitendawili, na habari za ngoma kama sengenya. Majina hayo hayamo yote katika kamusi. Mvuvi mzee akifa na jina la mwamba wake, mwamba utabaki lakini hautaitwa tena.

Nne ni shuleni, na tumeiweka mwisho kwa makusudi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 chaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi wa Kenya. Wazazi wa Mtongwe wana haki ya kwenda kwa mwalimu mkuu na halmashauri ya shule, wakaomba Chidigo kipewe nafasi, angaa katika vilabu na sherehe za shule. Lakini waende wakiwa tayari wana watoto wanaokisema. Mwalimu aliyeletewa watoto 30 wenye lugha midomoni hawezi kusema kwamba lugha hiyo haipo. Akiletewa maombi matupu, ataweka karatasi kwenye faili.

Najua? La, sote twajua kwamba mambo kama haya huanza kwa shangwe na kumalizikia katika kamati. Huchaguliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina, hupigwa picha, kisha kila mtu akaenda zake. Kwa hivyo twasihi kazi hii isianze kwa kamati. Ianze kwa nyumba mbili tatu zilizopatana, kama walivyopatana wale jamaa wa Belfast, na kama walivyopatana wazee wetu wa zamani walipotandika mkeka wa kwanza wa chuo chini ya mwembe.

Na Mtongwe ina neema ambayo watu wa Belfast hawakuwa nayo. Wale iliwabidi wajifunze lugha yao ukubwani, kwa shida, kwa sababu majumbani mwao ilikuwa imekwisha katika vizazi vilivyopita. Mtongwe kisima hakijakauka. Mwendo mfupi kusini, huko Waa na Tiwi, Chidigo bado chasemwa sokoni na mashambani. Hapo hapo Mtongwe wangali hai watu waliokinyonya na maziwa ya mama zao. Mwalimu hatafutwi mbali wala halipwi mshahara. Anangoja tu aulizwe jambo kwa lugha yake, naye ajibu. Miaka 20 tu ijayo, huenda asiwepo wa kuulizwa.